Ng'ombe Asiyekohoa: Namna Maambukizi ya Polepole Yanavyotafutwa Katika Mifugo

Kwenye foleni ya maziwa hapa Goma, mteja akiuliza kama ng'ombe waliokamuliwa ni wazima, huambiwa kwamba wanakula vizuri, hawakohoi, na daktari wa mifugo aliwapitia. Muuzaji anayesema hivyo kwa kawaida hasemi uongo. Anaeleza alichokiona mwenyewe, au alichoelezwa na mchungaji aliyeshuka na bidoni zake kutoka Mushaki, na alichokiona ni kweli. Shida ni kwamba mteja ameuliza juu ya kilichomo ndani ya ng'ombe, naye amejibiwa juu ya kinachoonekana nje. Na kwa magonjwa fulani ya mifugo, kati ya hayo mawili inaweza kupita miaka.

Tuyatenganishe kwanza maneno mawili ambayo katika mazungumzo ya kila siku tunayachanganya. Maambukizi ni hali ya kijidudu kuingia mwilini na kukaa humo. Ugonjwa ni hali ya mwili kudhurika hadi dalili zionekane. Kwa kimeta au chambavu tofauti hiyo haina uzito mkubwa, kwa kuwa mambo huenda mbio: ng'ombe aliyelala mzima hukutwa asubuhi amekufa. Lakini yako maambukizi ya kudumu, ambayo bakteria wake hawana haraka. Bakteria wa kawaida wa tumboni, akipata chakula na joto, anaweza kugawanyika kila baada ya dakika 20. Yule wa kifua kikuu huhitaji karibu saa 20 kufanya jambo hilo hilo mara moja. Zaidi ya hapo, hujificha ndani ya chembe zile zile za mwili zilizotumwa kummeza na kumuua, kama mwizi aliyeamua kupanga chumba ndani ya kituo cha polisi. Ng'ombe mwenye mgeni wa namna hiyo anaweza kunona, kupata mimba na kujaza ndoo ya maziwa, huku akiwaambukiza wenzake zizini.

Magonjwa matatu ya aina hii ndiyo yanayochanganywa zaidi. La kwanza ni kifua kikuu cha ng'ombe, kinacholetwa na bakteria aitwaye Mycobacterium bovis, ndugu wa karibu sana wa yule anayeleta kifua kikuu cha binadamu. La pili ni bruselosi, ambayo wafugaji wengi wanaifahamu kwa jina la ugonjwa wa kutupa mimba. La tatu halijulikani sana masokoni, ingawa ndilo gumu kuliko yote kuligundua mapema: ni paratuberkulosi, au ugonjwa wa Johne, unaoharibu utumbo hadi mnyama aharishe na kukonda huku hamu yake ya kula ikibaki pale pale. Kila moja lina njia zake za kutafutwa, na vurugu nyingi za maneno hutokana na kudhani kwamba kuna kipimo kimoja kinachojibu yote.

Wakazi wa Goma hawahitaji kufundishwa kwamba hatari inaweza kukosa rangi na harufu. Tunaijua mazuku, ile hewa nzito inayotoka ardhini na kutuama mabondeni, ambayo mbuzi au kondoo akiteremka kulisha humo harudi. Hakuna anayeiona mazuku yenyewe. Mtu mwenye busara huteremsha mwenge kwenye bonde, na mwali ukizimika anajua kilichomo. Vipimo vingi vya maambukizi ya mifugo hufanya kazi kama mwenge huo: havimwoni bakteria, vinaona jambo ambalo kuwapo kwake kumelifanya mwilini. Na mwenge una kasoro zake mbili. Unaweza kuzimwa na upepo mahali ambapo hakuna mazuku kabisa; na unaweza kuendelea kuwaka kwa sababu umeushika juu mno, wakati hewa mbaya bado iko chini, kwenye magoti yako. Msomaji akizishika kasoro hizo mbili, sehemu kubwa ya makala hii tayari ameielewa.

Mwenge wa kifua kikuu ni tuberkulini. Historia yake ni historia ya aibu iliyogeuka kuwa faida. Robert Koch, Mjerumani aliyetangaza mwaka 1882 kwamba amemwona bakteria wa kifua kikuu, alitoa mwaka 1890 majimaji yaliyotengenezwa kutokana na bakteria hao, akitumaini kwamba ni dawa. Hayakuponya. Lakini ilionekana kwamba mwili uliowahi kukutana na bakteria hao huyachukia majimaji hayo, na mwili usiowahi kukutana nao hauna habari nayo. Dawa iliyoshindwa ikawa kipimo, na hadi leo, zaidi ya miaka 130 baadaye, ndicho kinachotegemewa kwenye mazizi ya nchi nyingi duniani.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Daktari hunyoa nywele kwenye shingo ya ng'ombe, hupima unene wa ngozi kwa kifaa kinachoibana na kusoma milimita, kisha huingiza kiasi kidogo sana cha tuberkulini, sehemu ya kumi ya mililita, ndani ya ngozi yenyewe na si chini yake. Baada ya saa 72 hurudi, hupima unene wa ngozi mahali pale pale, na kulinganisha. Ikiwa mwili una kumbukumbu ya bakteria huyo, chembe za kinga zitakuwa zimekusanyika hapo na ngozi itakuwa imevimba. Kwa kuwa ng'ombe hukutana pia na bakteria wengine wa ukoo huo huo wanaoishi kwenye udongo, maji na ndege, madaktari wengi huchoma sehemu mbili: moja kwa tuberkulini ya ng'ombe, nyingine kwa tuberkulini ya ndege. Uvimbe wa ng'ombe ukizidi ule wa ndege kwa zaidi ya milimita 4, mnyama huhesabiwa kuwa ameambukizwa; ukizidi kwa milimita 1 hadi 4, jibu linabaki shakani na lazima arudiwe.

Hapo ndipo kosa la kwanza la mitaani linapozaliwa. Watu wanaomwona daktari akichoma sindano shingoni husema ng'ombe wamechanjwa, na kutoka siku hiyo maziwa yao yanauzwa kama maziwa ya ng'ombe waliochanjwa kifua kikuu. Sindano ile haikingi kitu. Inauliza swali, na jibu lake hupatikana siku ya tatu. Daktari asiporudi, swali limeulizwa na hakuna aliyesikiliza jibu. Chanjo ya BCG ambayo watoto wetu huchomwa wakizaliwa ni jambo jingine kabisa, ingawa kuna undugu wa kushangaza: ilitengenezwa na Wafaransa Calmette na Guérin kutokana na bakteria wa ng'ombe huyu huyu, aliyeoteshwa tena na tena maabara tangu 1908 hadi 1921 mpaka akapoteza makali. Kumchanja ng'ombe kwa BCG kumekwepwa katika nchi nyingi kwa sababu iliyo wazi ukishaelewa mwenge: ng'ombe aliyechanjwa naye huvimba shingo, na kipimo cha kawaida hakiwezi tena kumtofautisha na aliyeambukizwa.

Sasa turudi kwenye kasoro. Ng'ombe aliyeambukizwa juma lililopita hawezi kugunduliwa kwa tuberkulini, kwa sababu kinga yake bado haijajifunza. Inahitaji takriban majuma matatu hadi sita. Ng'ombe ambaye ugonjwa umemla kabisa, aliyekonda na mapafu yamejaa vidonda, naye anaweza asivimbe, kwa kuwa mwili umechoka kujibu. Kwa hiyo mnyama mgonjwa kuliko wote kundini anaweza kupita kwa cheti safi. Hata ng'ombe aliyezaa karibuni anaweza kunyamaza kwa muda. Ziko pia njia za kupima damu, kama ile ya kuchanganya damu hai na tuberkulini ndani ya chupa na kuangalia kama chembe zake zinatoa kemikali ya tahadhari iitwayo gama-intaferoni. Hiyo huweza kumkamata ng'ombe mapema kuliko ngozi, lakini damu lazima ifike maabara ingali hai, ndani ya siku moja hivi, na kila anayeijua barabara ya Masisi wakati wa mvua anaelewa maana ya sharti hilo.

Upande wa pili wa kasoro, ule wa upepo kuuzima mwenge, unahitaji hesabu kidogo. Tuseme, kwa mfano tu, kipimo kinawakamata wanyama 80 kati ya 100 walioambukizwa, na kinawasingizia 2 kati ya 100 wasio na kitu. Kikipelekwa kwenye kundi la ng'ombe 100 ambalo 10 wameambukizwa, kitaonyesha 8 wa kweli na wawili hivi wa kusingiziwa. Anayeonyeshwa kidole ana uwezekano mkubwa wa kuwa ameambukizwa kweli. Kipeleke sasa kipimo hicho hicho kwenye ng'ombe 1,000 ambao 5 tu wameambukizwa. Kitawakamata 4, na kitawasingizia karibu 20. Kipimo hakikubadilika hata kidogo, lakini maana ya jibu lake imegeuka. Ndiyo sababu daktari mzuri, kabla ya kulitafsiri jibu la ng'ombe mmoja, huuliza juu ya kundi zima: limetoka wapi, limechanganyika na nani, na miaka iliyopita lilionekana nini machinjioni. Jibu la ng'ombe mmoja pekee ni ushahidi hafifu, la kundi lina uzito, na la kundi lililorudiwa mara kadhaa ndilo la kutegemea. Ni kanuni inayowaudhi wafugaji wanaotaka karatasi moja ya kumaliza maneno, nami nawaelewa, lakini karatasi ya namna hiyo haipo.

Nimeyataja machinjio kwa makusudi. Mkaguzi wa nyama anayejua kazi yake hupasua tezi za kichwani, kifuani na za utumbo, akitafuta vinundu vyenye usaha mzito wa manjano unaofanana na jibini, ambao wakati mwingine kisu kikipita hukwaruza kama kimegusa mchanga. Kwa ng'ombe aliyechinjwa huko ni kuchelewa, ila kwa kundi alikotoka ni mapema. Faida hiyo hupatikana tu ikiwa mkaguzi anaweza kujua kundi lenyewe. Ng'ombe aliyepita mikononi mwa wachuuzi watatu kati ya Kitshanga na Goma, au aliyeporwa na kuuzwa usiku kama ilivyowapata wafugaji wengi wa Kivu katika vita hivi visivyokwisha, hufika machinjioni bila historia; na ugonjwa wake nao unakosa anwani. Mapigano hayo hayo yanayalazimisha makundi ya vijiji tofauti kulisha bonde moja na kunywa kijito kimoja. Wanyamapori nao hawako nje ya hesabu: kifua kikuu cha ng'ombe kimewahi kuthibitishwa katika nyati wa mbuga ya Queen Elizabeth upande wa Uganda, inayopakana na Virunga yetu.

Kuhusu bruselosi nitasema kwa ufupi, kwa sababu hapa mfugaji ana bahati zaidi. Bakteria wake, aliyegunduliwa kwa ng'ombe na Mdenmark Bernhard Bang mwaka 1897, huuchochea mwili kutengeneza kingamwili zinazoonekana vizuri kwenye damu. Kipimo kinachoitwa Rozi Bengali huhitaji tone la maji ya damu, tone la dawa ya waridi yenye bakteria waliokufa, na dakika nne za kutikisa: vikigandamana na kufanya chembechembe, kuna shaka ya kweli, na kipimo kingine hufuata kuthibitisha. Kipo hata kipimo cha maziwa yaliyochanganywa ya kundi zima, ambapo mduara wa rangi hupanda juu pamoja na malai, na kwa hicho ng'ombe wengi huchunguzwa kwa pamoja bila hata mmoja kuchomwa sindano. Ishara ya kuonekana ni mimba kutoka katika theluthi yake ya mwisho, na kondo la nyuma kubaki. Hapo kuna onyo kwa wachungaji: ndama aliyetupwa na maji yake hubeba bakteria wengi mno, na anayevishika kwa mikono mitupu anaweza kuanguka homa ya kupanda na kushuka ambayo kwetu hutibiwa kama malaria, kisha kama tifoidi, kisha tena kama malaria.

Paratuberkulosi ndiyo inayoonyesha kwa uwazi zaidi kwa nini sura ya afya haitoshi. Ndama huambukizwa katika miezi yake ya kwanza, anapolamba chuchu iliyopakwa kinyesi au kunywa dang'a ya mama aliyeambukizwa, halafu hakuna kinachoonekana kwa miaka miwili, mitatu, mitano. Mwaka 1933 Iceland iliagiza kondoo 20 wa aina ya Karakul kutoka Halle, Ujerumani, ili kuboresha mifugo yake. Walionekana wazima. Waliwekwa karantini, wakatoka wakiwa bado wanaonekana wazima, wakagawanywa mashambani. Miaka michache baadaye kondoo wa nchi walianza kufa, na ikabainika kwamba wageni wale walileta paratuberkulosi pamoja na magonjwa mengine ya polepole. Karantini haikufanywa vibaya. Ilikuwa fupi kuliko usingizi wa ugonjwa. Ni kutokana na msiba huo ndipo mtafiti wa huko, Björn Sigurðsson, alipozungumza mwaka 1954 juu ya maambukizi ya polepole kama kundi lenye tabia yake.

Vipimo vya ugonjwa huu vina udhaifu unaolingana na usingizi wake. Kingamwili huonekana kwenye damu kwa kuchelewa, mara nyingi mnyama akiwa tayari anasambaza bakteria kwa kinyesi. Kuotesha kinyesi maabara huchukua majuma mengi hadi miezi, na kutafuta vinasaba vya bakteria humo ni haraka zaidi lakini kunahitaji mashine na umeme usiokatika. Kwa kila ng'ombe mmoja anayeharisha waziwazi, lazima kudhani kwamba wapo wengine kadhaa nyuma yake ambao bado wananenepa. Kwa sababu hiyo wafugaji wenye uzoefu wa ugonjwa huu hawasubiri kipimo kiwakinge: huwatenga ndama na kinyesi cha wakubwa tangu siku ya kuzaliwa, na hawanunui ng'ombe kabla ya kujua zizi alikotoka.

Yapo maswali matatu ambayo huulizwa kila mara, nayo yanastahili majibu ya moja kwa moja. Je, ng'ombe hawezi kutibiwa? Viuavijasumu vipo, lakini kuvitumia kwa miezi mingi kwa mnyama anayekamuliwa kila asubuhi kuna gharama kubwa, kunatia dawa kwenye maziwa, na mara nyingi huficha dalili bila kumaliza bakteria, huku kukiwafundisha hao bakteria kustahimili dawa ambazo binadamu anazihitaji. Je, maziwa ya kuganda, yaani kivuguto, ni salama kwa kuwa yamechacha? Uchachu unawadhoofisha baadhi ya bakteria, ila hauaminiki kuwaua hawa. Kivuguto salama ni kile kilichotengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa kwanza, na jibini mbichi inayoliwa baada ya siku chache ina hukumu hiyo hiyo. Je, kuchemsha kunatosha? Ndiyo, na kwa wingi: joto la digrii 72 kwa sekunde 15, au digrii 63 kwa nusu saa, linawamaliza bakteria wa kifua kikuu na wa bruselosi, na maziwa yaliyopanda sufuriani yamevuka joto hilo kwa mbali. Anayesema kuchemsha kunaondoa nguvu ya maziwa anapaswa kuambiwa kwamba protini na madini hubaki. Wagonjwa wengi wa kifua kikuu wameambukizwa na binadamu wenzao, si na ng'ombe. Ila yule aliyeambukizwa na ng'ombe ana tatizo la ziada, kwamba pirazinamidi, moja ya dawa nne za mwanzo wa matibabu, haimwezi bakteria huyo kwa asili yake, na hadubini ya kituo cha afya haiwezi kumtofautisha.

Nchi zilizofanikiwa zilitumia muda mrefu kuliko subira ya wanasiasa wengi. Australia ilianza kampeni yake ya kitaifa mwaka 1970 na ikajitangaza huru na kifua kikuu cha ng'ombe mwaka 1997. Ilipima, ikachinja, ikarudia kupima, ikawalipa wafugaji fidia, na kufuatilia kila nyama yenye kinundu hadi zizi ilikotoka. Kipengele cha fidia ndicho kinachosahaulika tunapowalaumu wafugaji wetu. Mtu mwenye ng'ombe watano, ambaye anajua kwamba jibu baya litamwondolea wawili bila kulipwa chochote, ana sababu nzuri ya kumpeleka daktari kwa jirani.

Na hata mfugaji aliye tayari hubaki na zile saa 72. Daktari akipanda Ngungu, kule Masisi, Jumatatu na kuchoma tuberkulini, lazima awe pale pale Alhamisi, na ng'ombe wale wale lazima wawe zizini wakiwa na alama za kuwatambua. Barabara ikifungwa katikati, au kundi likihamishwa kwa hofu, kazi ya Jumatatu imepotea, na haifai kurudiwa upesi, kwa kuwa ngozi iliyokwisha kujibu hulegea kwa muda na lazima isubiriwe siku zisizopungua 42. Kwa hiyo kabla ya kufungua sanduku lake la dawa, daktari anayefika Masisi hana budi kumuuliza mwenyeji kama ng'ombe hawa hawa watakuwapo hapa Alhamisi.